Tawasifu si shati la kupigwa pasi

Wiki hii nimeletewa tena mswada wa tawasifu, safari hii na mtoto wa mwandishi. "Mama kaandika kama anavyozungumza," akaniambia. "Tunyooshee tu, kiwe Kiswahili sanifu." Hili "tunyooshee tu" nimelisikia mara nyingi mno, na nimeona vitabu lilivyoviharibu.

Tahajia nasahihisha, hilo halina mjadala. Tarehe nazo. Mtu akiandika kwamba mwaka 1962 alipokea mshahara kwa shilingi ya Tanzania, namrudishia: jina Tanzania lilianza 1964, na shilingi yake ikatoka 1966. Kabla ya hapo alishika shilingi ya Afrika Mashariki. Kumbukumbu huivisha jana nguo za leo.

Lakini tazama alivyoandika huyu mama: "Baba akaja, akavua viatu, akakaa. Hakusema." Aliyeupitia mswada kabla yangu kaigeuza hivi: "Baba alipowasili, alivua viatu na kuketi bila kuzungumza chochote." Sarufi safi, na mtoto aliyekuwa pembeni akimtazama baba yake kafutwa. Ile -ka- si uzembe! Ni macho ya mtoto: anaona tendo moja, anangoja, anaona la pili, anangoja. Tulifundishwa shuleni kwamba -ka- lazima itanguliwe na -li-. Sawa, na hapa -li- imeshapita ukurasa mzima nyuma; msomaji hajaisahau. "Kuwasili" ni kwa ndege na wageni rasmi. Baba hurudi nyumbani. Na "Hakusema" imekatika pale pumzi ilipokatika. Ukiongeza "chochote" umeshauvunja ule ukimya.

Huyu mama ni wa Mombasa. Kimvita chake hakikushinda pale mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, mwaka 1928, ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ule ulitufaa sana kwa vitabu vya shule. Kwa nini umfuate mtu mpaka ndani ya kumbukumbu ya mamaye?

Hapa lakini nina shaka yangu. Katika sura ya pili mamaye anamwita: "Ndoo, mwanangu." Mimi niliiacha. Mwandishi mwenyewe akaniomba niandike "njoo", kwa sababu wajukuu wake wa Nairobi watadhani bibi yao mkubwa aliitisha ndoo ya maji, wamcheke. Kitabu ni chake, na aibu ile pia ni yake. Je, ninailinda sauti yake, au naipenda mimi kuliko anavyoipenda yeye? Nimehariri miaka mingi na jibu sina. Tanbihi ingewaeleza wajukuu, ila tanbihi katikati ya mwito wa mama inanichoma.

Jana nikampigia simu, nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti, "ndoo" ikiwa palepale. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Hebu soma tena hapo anaponiita."