Mshindi wa Kombe Haendi Ligi ya Mabingwa
Katika mabaraza ya Malindi, fainali ya kombe la taifa inapokaribia, husikika kwamba klabu itakayoshinda itaiwakilisha Kenya katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Sivyo. Nafasi hiyo ni ya bingwa wa ligi kuu, aliyeipigania msimu mzima, ilhali mshindi wa kombe huelekea Kombe la Shirikisho Afrika, shindano lililoanza mwaka 2004 baada ya Kombe la Washindi, lililokuwa la washindi wa makombe ya mataifa, kuunganishwa na Kombe la CAF, yaani la Shirikisho la Soka Afrika. Wala njia hiyo haistahili kudharauliwa hata kidogo, kwani Kombe la Washindi ndilo taji ambalo Gor Mahia ililitwaa mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, kwa kanuni ya mabao ya ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini jumla ya mabao ikilingana, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi.