Eneo la malikale ni nini? Maelezo kwa mfano wa Kondoa

Eneo la malikale ni mahali palipobaki na alama za maisha ya watu waliotangulia, ziwe jengo, kaburi, zana za mawe au mchoro, ambazo zikipotea hakuna njia nyingine ya kuyajua waliyoyafanya. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na michoro ya miambani ya kabla ya mwaka 1863, na kilichofanywa baada ya hapo hupata ulinzi huo pale tu waziri mhusika anapokitangaza. Kwa kipimo hicho, twiga aliyechorwa na mwindaji tusiyemjua jina analindwa bila tangazo lolote, ilhali boma la Wajerumani hungoja kutangazwa.

Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, maana hiyo inaonekana kwa upana wake. Kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, miamba iliyopasuka imeacha vibanda vya asili vyenye kuta wima na paa la jiwe linalozuia mvua, na katika eneo la kilomita za mraba 2,336 vinajulikana vibanda zaidi ya 150 vyenye michoro. Ile myekundu, yenye pofu, tembo, twiga na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji, na Wasandawe wa upande wa Chemba huhesabiwa kuwa karibu nao kwa asili na kwa mila. Michoro myeupe, ambayo mara nyingi imechorwa juu ya ile myekundu, ni ya karibuni zaidi na huhusishwa na wakulima. Serikali ya kikoloni iliitambua michoro hii kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na mwanaakiolojia Mary Leakey akainakili kwa mkono mwaka 1951.

Hata hivyo, umri peke yake hautoshi kueleza thamani ya mahali hapa. UNESCO ilipoiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilitaja pia kwamba baadhi ya vibanda bado vinatumiwa na wenyeji kwa kuomba mvua, kupiga ramli na kutibu wagonjwa, na mfano unaotajwa zaidi ni kibanda kiitwacho Mungomi wa Kolo. Hapo ndipo uhifadhi unapokuwa mgumu, kwa sababu pombe ya tambiko ikirushwa ukutani huharibu rangi, lakini kumzuia mwenye tambiko ni kuiondoa sehemu mojawapo ya urithi uleule uliotambuliwa. Kwa maoni yangu, mhifadhi anayeanza kwa kukaa na wazee wa kijiji yuko salama kuliko anayeanza na uzio. Nyavu za chuma zilikwisha kujaribiwa zamani, na waya wake uling'olewa ukapata kazi nyingine majumbani.

Adui asiye na utetezi ni mchimba hazina. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana Kondoa, na tangu hapo umeenea uvumi kwamba Wajerumani walifukia mali miambani, hata watu wakachimba mashimo chini ya michoro yenyewe. Hasara yake ni kubwa kuliko shimo linavyoonekana, kwa kuwa udongo ulio chini ya mchoro nao ni sehemu ya eneo la malikale. Huko Kisese, katika eneo hilohilo la Kondoa, kibanda kilichochimbwa kitaalamu mwaka 1956 kilitoa zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, baadhi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Umri huo ulipatikana kwa sababu kila shanga ilijulikana imetoka tabaka gani. Matabaka yakishachanganywa na sururu, hakuna maabara inayoweza kuyapanga upya.