Kabla ya Kununua Kalamu, Kijue Kioo Chako

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vilipokabidhiwa kwa walimu, swali hili hunifikia mara kwa mara hapa Dodoma: mwalimu wa baiolojia anataka kuchora moyo au jani, ameona kalamu ya skrini kwenye duka moja pale Majengo, je, ainunue? Mimi huchora vielelezo vya vitabu, na kabla ya kujibu humwomba anionyeshe kishikwambi chenyewe.

Vioo vya kugusa vya siku hizi havipimi nguvu ya kidole, bali huhisi badiliko dogo la umeme pale mwili wa mtu unapovigusa. Kalamu ya bei nafuu yenye ncha ya mpira hujifanya kidole tu. Inakubali karibu kila kifaa na haichajiwi, ila unene wa ncha hukuficha mahali mstari unapoanzia. Kwa mwalimu wetu inatosha, mradi aukuze mchoro kwanza. Ipo nyingine yenye kisahani cha plastiki angavu, ambayo niliipenda mpaka kiangazi kimoja punje ya mchanga iliponasa chini ya kisahani na kuichora protekta mkwaruzo mrefu. Vumbi letu mnalijua. Sasa sianzi kazi kabla ya kufuta kioo.

Anayetaka mstari unenepe kadiri anavyokandamiza, hana budi kuhakikisha kalamu na kifaa vinaelewana. S Pen ya Samsung huchora bila betri kwa sababu hupata nguvu kutoka kwenye tabaka lililo chini ya kioo, teknolojia ya kampuni ya Wacom ya Japani, na kwenye kifaa kisicho na tabaka hilo inabaki kijiti. Apple Pencil, iliyotoka mwaka 2015, ni ya iPad peke yake, tena si kila toleo linakubali kila iPad. Lile la USB-C la mwaka 2023 huhisi kalamu inavyolazwa lakini halihisi mkandamizo, jambo ambalo mwandika notisi hatalijali, bali mchoraji atalijutia.

Ukiwa dukani, usione haya kuomba rula. Chora mstari wa mshazari polepole sana, kwa kuwa mkono wa haraka huficha kasoro. Mstari ukitoka na mawimbi, kalamu hiyo na kioo hicho havipatani. Kisha laza kiganja juu ya kioo uchore tena, uone kama kitaacha madoa. Ikigoma kabisa, bandua kwanza protekta nene kabla ya kumlaumu muuzaji.

Uliza pia habari za ncha za akiba, kwa maana ncha hulika. Yangu ilipokwisha niliagiza Dar es Salaam, na siku mbili nilizosubiri mzigo ufike kwa basi nilichora kwa penseli.