Watu wa Visiwani Hawakupotea Njia

Katika yote yanayosemwa kuhusu visiwa vya mbali, linaloniudhi zaidi ni lile dai kwamba watu wake walifika huko kwa kupotea. Eti wavuvi walikumbwa na dhoruba, mkondo ukawachukua, wakaamkia ufukwe wa Hawaii au Tahiti. Dai hili lina dharau ndani yake: kwa kuwa hawakuwa na dira wala ramani ya karatasi, basi hawakujua waendako.

Ukitaka kuupata ukweli, anza na shehena. Waliohamia visiwa vya Pasifiki walipakia majimbi, viazi vikuu, miche ya ndizi na ya mshelisheli, pamoja na kuku, nguruwe na mbwa. Walikuwamo wanawake na wanaume, maana bila hivyo hakuna kizazi. Mvuvi aliyetoka asubuhi na ndoana zake, akachukuliwa na tufani, hana nguruwe jike na dume chomboni. Ile ilikuwa safari ya kuhama, iliyopangwa nyumbani kabla ya tanga kupandishwa.

Mwaka 1973 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliotumia kompyuta kuigiza maelfu ya safari za vyombo vinavyokokotwa na upepo na mikondo tu. Hakuna chombo cha namna hiyo kilichoweza kufika Hawaii, Nyuzilandi wala Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) kutoka visiwa vilivyokuwa na watu. Na zaidi ya hayo, uhamaji wenyewe ulielekea mashariki, ilhali upepo wa ukanda ule huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Msomaji wa nchi kavu huona huo ni ushahidi kwamba haiwezekani. Baharia anaona kinyume chake. Ukitafuta ardhi mpya kwa kupambana na upepo, chakula kikipungua unageuza chombo, na upepo uleule unakurudisha kwenu. Aliyetangulia na upepo mgongoni ndiye mwenye hatari ya kutorudi. Nao pia walijua kungoja: kuna vipindi upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, na hapo ndipo safari ndefu ilipowezekana.

Njia waliisoma kwa nyota, kila moja na mahali pake pa kuchomoza na pa kutua. Mchana walifuata jua na mawimbi makubwa yatokayo mbali, ambayo mwelekeo wake haubadiliki ovyo. Wakikaribia nchi, walitazama ndege wanaovua baharini mchana na kurudi kulala ardhini magharibi ikiingia. Kwa hiyo kisiwa kidogo kama nukta kilionekana kwao kikubwa, kwa sababu ndege na mawingu yake vilikitangaza kutoka makumi ya kilomita.

Mwaka 1976 jambo hili lilijaribiwa. Chombo kiitwacho Hōkūleʻa, chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa ubavu kwa ubavu, kilitoka Hawaii kwenda Tahiti, masafa ya zaidi ya kilomita 4,000, bila chombo chochote cha kisasa cha kuongozea. Aliyeongoza njia ni Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, upande wa magharibi wa Pasifiki, fundi aliyefundishwa na wazee wake tangu utotoni. Bahari ile hakuwahi kuisafiri. Walitia nanga Papeete, mji mkuu wa Tahiti, mwezi Juni, na maelfu ya watu walikuwa pwani wakiwangoja.

Wengine hukubali kwamba watu hawa walikuwa mabaharia, lakini husema asili yao ni Amerika Kusini. Sababu ni Thor Heyerdahl, Mnorwe aliyetoka Peru mwaka 1947 kwa chelezo cha magogo, Kon-Tiki, akaelea siku 101 hadi miamba ya Raroia, kisiwa cha Polinesia. Ulikuwa ujasiri mkubwa, siukatai. Ila kuonyesha kwamba jambo linawezekana hakutoshi kuthibitisha kwamba ndivyo lilivyotokea. Vyombo vya udongo vya utamaduni wa Lapita vimefukuliwa toka visiwa vya Bismarck, karibu na Guinea Mpya, hadi Tonga na Samoa, vikiwa na umri wa karibu miaka 3,000, na nyayo hizo zinatoka magharibi. Lugha nayo inashuhudia. Tano kwa Kimalei ni *lima*, kwa Kihawaii ni *lima*, kwa Kimaori ni *rima*. Hata hivyo Amerika Kusini haikosi kabisa katika simulizi hii. Viazi vitamu vimetoka huko, na vilikuwa vikilimwa na Wapolinesia, ndio watu wa visiwa hivi, kabla Mzungu yeyote hajaiona Pasifiki. Vipimo vya vinasaba vilivyotolewa mwaka 2020 vilionyesha kwamba jamii hizi mbili zilikutana na kuzaana miaka ya 1200 hivi.

Hesabu ile ya tano inafika hadi Madagaska, ambayo Waswahili wa zamani waliiita Bukini. Kimalagasi husema *dimy*. Mtu akitazama ramani huona Msumbiji iko ng'ambo tu, kilomita 400 hivi pale mlango wa bahari unapokuwa mwembamba, akahitimisha kwamba Wamalagasi wametoka bara la Afrika peke yake. Lakini lugha iliyo karibu zaidi na yao ni Kimaanyan cha kusini-mashariki mwa Borneo, kisiwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapo. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakisema ni Waasia tu. Sikiliza mifugo yao inavyoitwa: ng'ombe ni *omby*, kuku ni *akoho*, mbwa huitwa *amboa*, na kanga ni *akanga*. Damu yao ni ya pande zote mbili, na bahari ndiyo iliyowakutanisha.

Kuhusu maumbile ya visiwa sitakaa sana. Kisiwa hakielei. Mauna Kea wa Hawaii ni mlima ambao juu ya maji una mita 4,207, na ukipimwa toka shina lake chini ya bahari unapita mita 10,000. Vile visiwa vya matumbawe vilivyojipanga mfano wa pete navyo vimekaa juu ya volkano zilizodidimia polepole huku matumbawe yakijijenga kwenda juu. Charles Darwin alilieleza hilo mwaka 1842, na mwaka 1952 waliochimba Enewetak, Visiwa vya Marshall, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa kabla ya kugonga mwamba wa volkano. Na Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki inayosemwa kuwa inazama, haijapungua ukubwa: utafiti wa mwaka 2018 ulikuta ardhi yake iliongezeka kwa asilimia 2.9 kati ya 1971 na 2014, kwa sababu mawimbi huleta mchanga na vipande vya matumbawe. Asitokee mtu wa kusema basi hakuna hatari. Maji ya chumvi yakiingia mashimo ya pulaka, zao la jamii ya majimbi, na maji ya kunywa, watu wanaweza kulazimika kuhama hali kisiwa bado kipo.

Rapa Nui, kisiwa cha sanamu za moai, kimebebeshwa hadithi ya watu waliokata miti yote, wakapigana, wakajimaliza. Miti mikubwa ya jamii ya minazi ya pale ilitoweka kweli, kwa shoka na kwa panya waliokula mbegu. Lakini wakazi walitandaza mawe mashambani kuhifadhi unyevu wakaendelea kulima. Vinasaba vya watu 15 wa kale, vilivyochunguzwa mwaka 2024, havikuonyesha kuporomoka kwa idadi ya watu katika miaka ya 1600. Walioimaliza jamii hiyo walikuja kwa meli: mwaka 1862 na 1863 wateka watumwa kutoka Peru walichukua zaidi ya watu elfu moja, na wachache waliorudishwa walileta ndui. Mwaka 1877 walibaki watu 111. Kuwaambia wajukuu wao kwamba babu zao walijiangamiza ni kuwaonea mara ya pili.

Dhana ya mwisho ni kwamba kisiwa kidogo cha mbali hakina wenyewe. Hii iliandikwa katika barua za serikali. Uingereza ilipovitenga Visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi, na Morisi mwaka 1965, ili Marekani ipate kambi ya kijeshi katika kimojawapo, Diego Garcia, maofisa wake walitaka wakazi waonekane vibarua wa mkataba wasio na kwao. Watu hao walikuwa wajukuu wa watumwa walioletwa toka Madagaska na Msumbiji kulima minazi tangu mwishoni mwa karne ya 18. Walizaliwa pale, wakazikana pale. Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, wakashushwa Morisi na Shelisheli, na mbwa wao wakauawa kwa gesi. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utenganisho ule haukuwa halali. Makaburi ya wazee wao bado yapo Diego Garcia.