Kusumakisha seli: kuvutwa na sumaku si kuwa sumaku

Kusumakisha seli ni kubadilisha jeni za seli hai ili ijenge ndani yake, kwa chuma inachokula, madini yenye usumaku wa kudumu. Maana yake ni hiyo tu. Tatizo ni kwamba siku hizi kila seli inayosogea karibu na sumaku inaitwa "iliyosumakishwa", na hapo mambo matatu yasiyofanana yanatiwa kapu moja.

Litazame neno lenyewe. Kiambishi -ish- kinaahidi matokeo: ukisafisha chombo kinakuwa safi, ukifupisha kamba inakuwa fupi. Ukisumakisha kitu, basi kimekuwa sumaku. Msumari unaorukia sumaku bado ni msumari.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alihitaji majina mapya kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1845 aliona kwamba kioo kizito na bismuthi, vikining'inizwa katikati ya ncha za sumaku kali, hukingama, yaani hulala kukata mistari ya uga (eneo la nguvu ya sumaku). Vitu hivyo akaviita diamagneti, kutoka "dia" ya Kigiriki, yenye maana ya kupita katikati au kukatiza. Vile vinavyolala sambamba na uga vikaja kuitwa paramagneti, kwa kuwa "para" ni kando au sambamba. Majina yote mawili yanaeleza jinsi kitu kinavyolala sumaku ikiwapo. Hayasemi kitu hicho ni sumaku. Seli nyingi, kwa kuwa zimejaa maji, ni diamagneti: sumaku inazisukuma, tena kidogo mno.

Mfano wa paramagneti tunao katika damu ya mgonjwa wa malaria. Kimelea kinapokula himoglobini hubaki na himu (sehemu ya himoglobini yenye chuma), ambayo ni sumu kwake, na huigeuza kuwa fuwele za hemozoini zenye chuma. Maabara hupitisha damu hiyo kwenye safu (mrija) iliyosheheni chuma cha pua katikati ya sumaku. Seli zenye vimelea vilivyokomaa hunaswa, zenye vimelea vichanga vya umbo la pete hupita, kwa kuwa hemozoini yao bado ni haba. Ukiiondoa safu kwenye sumaku na kuisuuza, zilizonaswa hutoka. Hakuna aliyezisumakisha.

Jambo la kwanza kati ya yale matatu ni shanga. Kingamwili iliyofungwa kwenye chembe ya oksidi ya chuma, mara nyingi ya nanomita 50 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hubandikwa juu ya seli ili seli hiyo ichambuliwe kutoka kwa wenzake. Kazi nzuri, lakini seli ikigawanyika shanga hugawanywa pia, na baada ya vizazi kadhaa hazionekani tena. Seli imevikwa tu.

La pili ni kuilisha seli chuma na kuipa ghala. Mwaka 2012 watafiti Keiji Nishida na Pamela Silver waliikuza hamira katika sitireti ya chuma (chumvi yenye chuma), wakaipa feritini ya binadamu, protini inayohifadhi chuma, na kuondoa jeni CCC1 inayosukuma chuma kwenye vakuoli (kifuko cha akiba ndani ya seli). Hamira ikavutwa na sumaku. Lakini feritini ni mpira wa protini 24 wenye uwazi wa nanomita 8, unaobeba atomi za chuma 4,500 hivi zikijaa, tena katika madini ambayo atomi zake kwa sehemu kubwa hufutana usumaku. Ndiyo maana mwaka 2016 mtafiti Markus Meister alipokokotoa kama feritini inaweza kufungua mlango wa neva kwa sumaku, kama ilivyodaiwa, alikuta nguvu iliyopo ni pungufu ya inayohitajika kwa kati ya mara 100,000 na mara bilioni 10. Hapa pia ndipo jaribio hudanganya: chuma hugeuka kutu ndani ya mchuzi wa kuotesha, kutu ikagandia ukuta wa seli, na kinachovutwa si seli. Osha kwanza kwa EDTA (kemikali inayoshika na kuondoa chuma), kisha weka kando chombo chenye mchuzi uleule bila seli, ulinganishe.

La tatu ndilo lenye haki ya jina. Bakteria kama Magnetospirillum hukunja utando wao kuwa vifuko, hupampu chuma ndani na kukuza fuwele za magnetaiti, oksidi ya chuma yenye usumaku wa kudumu. Ukubwa ndio kila kitu: chini ya nanomita 35 hivi joto huuyumbisha usumaku, juu ya 120 fuwele hugawanyika katika maeneo yanayopingana. Fuwele moja ya nanomita 50 ina atomi za chuma zipatazo milioni 5. Kisha lazima zipangwe mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Protini MamK ndiyo uzi, MamJ ndiyo gundi. Ondoa MamJ, mnyororo unaporomoka kuwa fungu. Oksijeni ikizidi asilimia 2 hivi magnetaiti haijengwi, na bakteria waliooteshwa wakakaa muda mrefu bila kuhamishiwa mchuzi mpya huweza kupoteza kundi zima la jeni za kazi hiyo. Mwaka 2014 kundi la Dirk Schüler nchini Ujerumani lilihamishia jeni zipatazo 30 za kujenga magnetaiti kwenye Rhodospirillum rubrum, bakteria asiye na kazi hiyo kabisa, naye akajenga mnyororo. Bakteria wa namna hii hata akifa huendelea kuelekea kaskazini na kusini kama sindano ya dira.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, zile za shanga ziite "seli zilizobandikwa chembe za sumaku", na hamira ile "hamira inayovutwa na sumaku". "Iliyosumakishwa" iachie seli ambayo, ukiondoa sumaku mezani, bado inayo ya kwake.