Teknolojia na jamii "kuumbana" maana yake nini?

Kiswahili kina silabi mbili zinazofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake: -ana. Kupenda anaweza mtu peke yake. Kupendana lazima wawe wawili. Iko dhana ya wasomi wa sayansi na jamii ambayo katika lugha nyingine hudai sentensi nzima, nasi tunaweza kuibeba kwa kitenzi kimoja cha kauli hiyo: kuumbana. Teknolojia inaiumba jamii, jamii hiyohiyo inaiumba teknolojia, na haijawahi kufika siku mmoja akamaliza kazi yake akampisha mwenzake. (Tusikosee tukasema kuumbuana. Hilo ni neno jingine, ingawa huku kusini mwa Tanzania limewahi kutukuta, nitalifikia.)

Panda daladala ya Mikindani asubuhi. Hakosi abiria wa kusema simu zimewaharibu watoto. Kwake yeye teknolojia ni kama mvua ya masika: inashuka kutoka juu, kazi ya watu ni kulowa. Wa kiti cha nyuma atamjibu kwamba simu haina kosa, ni sawa na kisu, kinamenya muhogo na kinaua, inategemea mshikaji. Kwa huyu wa pili chombo hakina lolote ndani yake. Kila mmoja ana nusu, ila nusu hizi ukiziunga hazitoi kitu kizima. Mshikaji wa simu ameshabadilishwa na simu kabla hajaamua ataitumiaje, na simu aliyoishika ilishabadilishwa na washikaji waliomtangulia.

Chukua kubipu. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, vocha ilikuwa ghali na mshahara ulikuwa uleule. Waliopanga tozo walihesabu kwamba simu isiyopokelewa ni simu iliyoshindikana, kwa hiyo haikatwi pesa. Watu wakauona mlango. Unapiga, ikiita mara moja unakata. Nyumbani kwetu bipu moja ya kaka aliyekuwa Dar es Salaam ilikuwa "nimefika salama". Mbili zikifuatana ni "nipigieni, kuna jambo". Kukawa na adabu zake: mtoto humbipu baba, baba hambipu mtoto, na mwanamume aliyembipu mchumba wake alikuwa amejitangazia ufukara. Kampuni nazo zikaona laini zimejaa simu zisizoingiza hata senti, zikaleta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Huduma hiyo ilibuniwa na wabipuji. Kampuni ziliinakili tu.

Kwenye fedha ikawa vilevile. Kabla M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, watu walikuwa tayari wanatumiana vocha: unanunua ya kukwangua mjini, unamsomea namba mwenye duka wa kijijini, naye anakata chake na kumpa mama yako taslimu. Huduma ilipofika ilimkuta wakala ameshakaa kwenye kiti. Halafu ikageuka, ikaanza kutufinyanga sisi. Leo ukituma rambirambi bila "ya kutolea" unaonekana mchoyo, hata kama kiasi chenyewe ni kikubwa. Maneno hayo mawili yalizaliwa na makato ya wakala. Sasa yamo kwenye adabu ya msiba, na bibi yangu ambaye hajui kusoma ujumbe anajua kuuliza kama yamo.

Mfano wanaoupenda wasomi wenyewe ni baiskeli. Mwaka 1984 Trevor Pinch na Wiebe Bijker walieleza kwamba ile baiskeli ya Ulaya ya karne ya 19, yenye gurudumu kubwa mno mbele, haikuachwa kwa sababu tu mafundi waliongezeka akili. Vijana wa kiume waliipenda kwa kuwa ilikuwa ya hatari. Wanawake na wazee waliiona mtego. Mvutano wa makundi hayo ndio uliosukuma umbo tunalolijua, la magurudumu mawili yanayolingana. Hata tairi ya upepo ya Dunlop ya mwaka 1888 ililetwa kama dawa ya mtikisiko, na washindani wa mbio wakaicheka mpaka ilipowapita.

Lakini baiskeli haikumalizwa kuundwa kule Ulaya. Nenda Newala uangalie. Uwanda wa Makonde uko juu, maji yako chini ya mteremko, na kwa vizazi vingi wanawake wamepanda mteremko ule na ndoo kichwani. Baiskeli inayobeba maji pale si ile iliyotoka kiwandani: fundi wa kuchomelea ameiongezea nondo kwenye keria ili ibebe madumu ya lita 20, mawili kila upande, na mwenye nayo haipandi, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti. Imekuwa mkokoteni wenye kengele. Nayo ikabadilisha kazi yenyewe. Maji yalipopata baiskeli yakapata bei, na yalipopata bei wanaume wakaanza kuteka.

Sasa kuumbuana.

Katika miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo, ya Benki ya Dunia ikiwemo, mitambo ikitoka Italia na Japani. Vilifika 12, vingi huku kusini, vikiwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Hesabu haikuwa ya kijinga: msimu wa 1973/74 tulivuna kama tani 145,000. Tatizo ni kwamba mitambo ilichorwa kwa kuiangalia korosho, haikumwangalia mwenye mkorosho. Miaka hiyohiyo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na mkorosho hauhami. Mtu aliyezoea kuamka chini ya miti yake akajikuta mbali nayo, palizi ikalala, moto wa nyika ukaingia. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi cha kutomvuta kurudi. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000, na viwanda vikabaki vinatazama barabara. Baadhi ya majengo yaligeuka maghala ya korosho ghafi, zinazosubiri meli ya kuzipeleka India kubanguliwa.

Na hata korosho ingekuwepo ya kutosha, mashine zilikuwa na kasoro inayojulikana na kila anayebangua: zinavunja. Korosho nzima ina bei, vipande huuzwa kwa bei ya chini. Mama aliyekaa kwenye mkeka, vidole amevipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimchune ngozi, anagonga mara moja na punje inatoka nzima. Huo nao ni ufundi, ila hakuna aliyeuandika kwenye mchoro.

Waingereza walishatangulia kwenye aibu ya namna hii. Mwaka 1947 walianza mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ili Uingereza ipate mafuta ya kupikia. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Tulibaki na bandari ya kina kirefu, na reli iliyong'olewa miaka ya 1960. Tulibaki pia na mji wa Mtwara uliopangwa kwa nafasi kubwa mno. Mgeni huuliza mjini ni wapi naye yumo katikati. Farm 17 ya Nachingwea, shamba la mradi uleule, ikaja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Aliyefyeka pori lile kwa ajili ya majiko ya Uingereza hakujua anaufyekea njia uhuru wa Msumbiji.

Korosho ilirudi, na iliyoirudisha ni salfa, dawa ya ubwiriunga, pamoja na kazi ya miaka mingi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara. Wengi husema "salfa ilileta korosho" wakaishia hapo, nami huwa sikubaliani nao kirahisi. Salfa ya unga inataka kurushwa na mashine ya mgongoni, alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Mzee wa miaka sabini haibebi mashine ile, na kuinunua wengi hawawezi. Kwa hiyo imezaliwa kazi mpya: mpuliziaji. Ni kijana mwenye mashine yake au ya kukodi, kitambaa kimezungushwa puani, kope za njano, anayelipwa kwa mti au kwa mfuko. Saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa saba, kijiji kizima kinanguruma. Na unga haujui mpaka wa shamba. Ukipulizia peke yako, ugonjwa unarudi kutoka kwa jirani. Basi majirani ambao hawasalimiani wanalazimika kupanga siku. Salfa imewapatanisha watu ambao baraza la kata lilishindwa. Nimewaona.

Wakati mwingine jamii hujibu kwa sauti kubwa. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka, Januari na tena Mei, kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Kwa mhandisi bomba ni kipenyo, shinikizo na umbali. Watu wa Mtwara waliona kitu kingine kwenye ramani ileile: bomba lina upande linakotoka na upande linakokwenda. Lilijengwa, gesi inapita. Lakini tangu hapo ni mara chache kusikia mradi mkubwa ukitangazwa huku bila mtu kuuliza kwanza sisi tunabaki na nini.

Nimeiacha stakabadhi ghalani mwisho kwa kuwa ndiyo naijua zaidi. Ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unanadiwa, fedha zinaingia benki. Ni mfumo uliopangwa vizuri, na umedhani jambo moja bila kuliandika popote, kwamba mkulima anaweza kusubiri. Asiyeweza, mwenye ada ya shule au mgonjwa, anauza kangomba: mnunuzi anakuja usiku na chombo chake kinachoitwa kilo na kinachozidi kilo, fedha mkononi. Serikali imeipiga marufuku, na kila mwaka ipo. Mfumo ukajibu kwa kuhakiki wakulima, kusajili mashamba, kuleta mizani ya dijitali. Kila kinga ikaacha alama kwa watu. Jina lililo kwenye daftari ndilo linalolipwa, na mara nyingi ni la baba. Zamani mama aliyeziokota korosho alikuwa anaziona noti zikihesabiwa mezani. Siku hizi fedha zinaingia kimyakimya, kwa ujumbe wa simu iliyo mfukoni mwa mwingine.

Kilichobaki wazi ni mnada. Barua za zabuni zilikuwa zinafunguliwa mbele ya wakulima, bei inasomwa, nao wanakubali au wanakataa. Si sherehe tu: Oktoba 2018 walikataa kweli, bei zikiwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na mwezi uliofuata serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likisomba. Sasa zabuni zinaingia kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei zinatokea kwenye skrini.

Nilikuwepo kwenye mnada mmoja wa namna hiyo, skrini ikiwa mpya kwa wengi. Namba zilipotokea, watu wa mbele walinyoosha shingo, wa nyuma wakaendelea na mazungumzo yao. Mzee mmoja akasimama na kofia yake mkononi.

"Mwanangu, tusomee."

Kijana wa kompyuta akamwamkia, akaeleza kwa heshima kwamba bei ziko wazi pale mbele, kila mtu anaziona.

"Marahaba. Mimi tangu nianze kuuza korosho nasomewa, kisha najibu. Nisiposomewa nitamjibu nani?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemwambia akae. Kijana akatafuta kipaza sauti, akasoma mnunuzi mmoja mmoja, tani kwa tani, bei kwa bei, na baada ya kila namba ukumbi ukaguna au ukapiga makofi, kama zamani. Mnada uliofuata nilikuta kiti kimewekwa kando ya skrini. Kilikuwa cha msomaji.