Idi mbili Mombasa: dhana potofu kuhusu mwandamo

Kuna miaka Mombasa husali Idi siku mbili tofauti: wako wanaofuata mwezi ulioonekana Makka au popote, na wako wanaongoja uonekane hapa kwetu.

Dhana: Saa ya Mombasa na ya Makka ni moja, basi na mwezi ni mmoja.

Ukweli: Saa ni moja kweli, na hata longitudo ya miji hii karibu ni moja. Lakini Makka iko nyuzi 21 kaskazini ya ikweta, Mombasa nyuzi 4 kusini. Jua halichwi wakati mmoja, wala mwezi haulali kwa pembe moja. Mwezi mchanga huweza kuonekana kule, huku usionekane. Na mawingu ya masika hayamwulizi mtu madhehebu yake.

Dhana: Upande mmoja unafuata dini, mwingine unafuata ubishi.

Ukweli: Wote wanashika hadithi ile ile ya Mtume: fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona. Wanazuoni wengi wa Kihanafi, Kimaliki na Kihanbali wamefahamu kuwa amri ni ya umma mzima, ukionekana popote umeonekana. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kila eneo na matilai yake, yaani mwandamo wake. Tegemeo lao ni kisa cha Kuraib, alichokipokea Imam Muslim. Kuraib aliuona mwezi Sham (Syria) usiku wa Ijumaa. Alipofika Madina akakuta watu wa huko wameuona usiku wa Jumamosi. Akamuuliza sahaba Ibn Abbas: kuona kwa Muawiya, mtawala wa Sham, hakututoshi? Akajibiwa, la. Khitilafu hii basi ni ya tangu enzi za masahaba. Simu zimeiongezea kelele tu.

Dhana: Kadhi Mkuu akishatangaza, anayekwenda kinyume amevunja sheria.

Ukweli: Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazipa mahakama za Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwandamo haumo. Tangazo lake lina heshima yake, nami naona lasitahiki kusikizwa, ila polisi hana kazi nalo.

Dhana: Ukifunga na jirani anasali Idi, umefanya haramu.

Ukweli: Haramu ni kwa ambaye Idi imemthubutikia. Mashafii wanasema hata aliyeuona peke yake mwezi wa Shawwal, unaofuata Ramadhani, hufungua, tena kwa siri. Kwa siri, si kwa kupanda mimbari ya WhatsApp na kuwahukumu wenziwe.

Dhana: Mabohora, Mashia wenye asili ya India, hujitenga makusudi.

Ukweli: Wana kalenda ya hesabu, na Ramadhani yao daima ni siku 30. Tarehe zao hujulikana miaka kabla, na kwa kuwa hawangoji mwezi uonekane, mara nyingi hututangulia.